Barua ya wazi kwenu mnaoshika funguo za geti la Jenfeld

Waheshimiwa wa wilaya ya Wandsbek, waheshimiwa wa Seneti ya jiji la Hamburg, na nyie wazee wetu wa Jiji la Dar es Salaam mliofunga undugu na jiji hili mwaka 2010, shikamooni. Kwa wale ambao bado vijana, habari za kazi.

Mi ni Mtanzania, Mgogo wa upande wa Mvumi, nipo hapa Hamburg mwaka wa tisa sasa. Kazi yangu kuhudumia wazee, yaani kuwaogesha, kuwalisha, kuwapa dawa na kuwasikiliza, na hiyo ya kuwasikiliza ndo imenifikisha kwenye barua hii. Siku moja zamu ya asubuhi nilikuwa namvalisha soksi mzee mmoja, akaniuliza kwetu wapi nikamwambia Tanzania, akacheka akasema hata yeye aliwahi kukaa na Waafrika, mwaka mzima. Nikajua keshaanza kuchanganya mambo, maana ndo wazee wetu walivyo, leo yuko hapa kesho yuko 1950. Kumbe yuko sawa kabisa. Alikuwa kuruta kwenye kambi ya jeshi ya Jenfeld, mtaa wa hapa hapa Hamburg, na pale mlangoni kulikuwa na watu wa udongo, weusi, wana bunduki na mizigo, akawa anapita mbele yao asubuhi na jioni na hakuna siku hata moja mkubwa wake yeyote alimwambia wale ni kina nani. Walijua tu ni Waafrika wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa zamani wa Wajerumani kule kwetu, basi.

Nikasema wacha nikawaone.

Jenfeld hakuna treni, unashuka Wandsbek Markt unapanda basi, na Jumapili basi lenyewe linakuja pale linapojisikia. Nilifika nikakuta kufuli. Fensi, miti, nyasi zimekatwa vizuri kama mnavyozikata kila mahali, na kule ndani sanamu zimesimama. Nikazunguka nje ya fensi kama mwizi wa kuku. Mama mmoja ana mbwa akaniuliza nimepotea au vipi, nikamwambia hapana, nimekuja kuona watu wa kwetu, akaangalia ndani akaniangalia mimi, akasema kwa upole kabisa kwamba funguo inabidi uombe.

Nikaomba. Nikatuma imeili ofisi moja ambayo siitaji jina, wakanirudishia fomu inayouliza mimi nawakilisha kundi gani na tutakuwa watu wangapi. Nikajaza: kundi, ukoo wa babu yangu. Idadi, mmoja. Mpaka leo naandika hapa sijajibiwa, na wala sio ugomvi wangu mkubwa, ila naomba mkumbuke hiyo fomu maana nitairudia.

Sasa kwa wale wa Dar ambao mnaweza kuwa hamjui hii habari (na sio kosa lenu, hata mi nilikuwa sijui mpaka nimevalisha mtu soksi), ngoja niieleze ilivyo. Kambi yenyewe ilijengwa miaka ya 1930, Hitler anajaza nchi majeshi, ikapewa jina la Paul von Lettow-Vorbeck akiwa hai anatembea. Ndo yule kamanda wa Wajerumani kwetu vita ya 1914, aliyewapiga Waingereza Tanga, akazunguka nao nchi nzima mpaka Msumbiji akarudi, akaenda kusalimu amri Abercorn, ambayo sasa ni Mbala ya Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya. Hawakuishia kwenye jina. Kwenye majengo wakabandika vichwa vya udongo wa kuchoma vya maofisa wa makoloni, yupo Hermann von Wissmann, aliyeletwa pwani kuzima vita ya Abushiri, na Abushiri mwenyewe akanyongwa Pangani Desemba 1889. Yupo Lothar von Trotha, ambaye alipitia kwetu kwanza, afu akaenda Namibia, na Oktoba 1904 akatoa amri ya kuwamaliza Waherero. Halafu mwaka 1939 ndo zikazinduliwa hizi sanamu kubwa, kazi ya Walter von Ruckteschell, ambaye vitani alikuwa msaidizi wa huyo huyo Lettow-Vorbeck, kwahiyo sio fundi aliyetumwa tu, alikuwa mwenzao.

Sanamu ni kama kuta mbili. Moja afisa mzungu katangulia na askari nyuma yake, nyingine ndo ina wapagazi na mizigo yao. Udongo wake una rangi ile ile ya vyungu vya nyumbani, kwa mbali ukikodoa macho unaweza kudhani ni kitu kimechomwa Dodoma.

Vita ya pili ikaisha, Hitler akaondoka, likaja jeshi jipya la Ujerumani Magharibi likahamia humo humo na jina lile lile na vichwa vile vile mpaka kambi inafungwa mwaka 1999. Yaani miaka 54 baada ya Hitler kuna kijana wa miaka 19 bado analala kwenye majengo yenye kichwa cha Trotha, na asubuhi anapangwa mstari anaambiwa yeye ni mlinzi wa demokrasia. Mi nimeshindwa kuielewa hiyo, mnaoielewa mnisaidie.

Huyo bwana mwenyewe hata nyie watu wa Hamburg alishawahi kuwashukia. Mwaka 1919, njaa ya baada ya vita, watu wa hapa waligundua kiwanda kimoja kinatengeneza jeli ya nyama kwa mizoga iliyooza, wakachachamaa, mji ukachafuka, na aliyetumwa na vikosi kuja kuuteka mji na kuwanyamazisha ni nani, Lettow-Vorbeck. Mwaka uliofuata akajiingiza kwenye jaribio la kupindua serikali ya jamhuri, jeshi likamtoa. Nilimwambia mzee wangu wa soksi habari ya ile jeli, akasema bibi yake alikuwa anaisimulia, ila kwenye kusimulia kwake jina la kamanda lilikuwa halimo.

Sasa nije kwetu.

Kwetu Ugogo kuna njaa inaitwa Mtunya. Maana yake ni kama kugombania, kunyang'anyana. Ukimtajia mzee wa Kigogo hilo neno hata leo utaona anaweka kikombe chini. Ilianza hivi, jeshi la Wajerumani lilichukua ng'ombe, likachukua mtama na uwele, likachukua wanaume wa kubeba mizigo. 1916 Mwingereza akaingia naye akachukua kilichobaki, ng'ombe, nafaka, wanaume. Halafu mvua ikagoma. Inakadiriwa watu 30,000 walikufa, kwenye kabila ambalo halikuzidi sana watu 150,000, kwahiyo piga hesabu mwenyewe, kwenye kila nyumba ya watu watano anatoka mmoja. Babu yangu alikuwa anasema mama yake alikula ngozi ya kulalia, aliiloweka, akaichemsha, akawagawia watoto vipande vya ukubwa wa kiganja. Ngozi aliyokuwa analalia na mumewe. Na mumewe hakuwepo, alichukuliwa kubeba, aliondoka asubuhi moja na wenzake kwenye kamba, wakapita upande wa mashariki, na ndo mwisho wa habari yake. Hatuna kaburi lake, hatuna tarehe, hatujui hata alibeba nini, inaweza kuwa unga, inaweza kuwa risasi, inaweza kuwa meza ya kulia chakula ya afisa maana na hizo zilibebwa.

Mzigo wa mpagazi ulikuwa kilo 25 mpaka 30. Sijasema askari, nasema mpagazi, mtu asiye na bunduki, asiye na viatu, mwenye kibaba cha unga kama kipo, anatembea mvua na jua, anakufa kwa kuhara damu pembeni ya njia na mzigo wake anabebeshwa wa nyuma yake. Waingereza walau walihesabu, na hesabu yao inasema wapagazi zaidi ya 95,000 walikufa upande wao, na watu wa Dar mnajua Kariakoo jina lake limetoka wapi, limetoka kwenye kambi ya hao hao. Upande wa Wajerumani hesabu ya kuaminika haipo. Jeshi lile lilijua lina bunduki ngapi na risasi ngapi, ila wapagazi wangapi wamekufa halikuandika. Siku ya kusalimu amri kule Abercorn walihesabiwa Wajerumani 155, askari zaidi ya 1,100, wapagazi zaidi ya 1,500 waliobaki, na kabla ya hapo miaka minne wamepita maelfu kwa maelfu wanaoingia na kutoka kama kuni kwenye jiko. Daktari wao wenyewe wa jeshi, Ludwig Deppe, alikuja kuandika kwamba walikopita waliacha mashamba yameharibiwa, maghala matupu na njaa inayokuja, akasema hawakuwa tena watu wa kuleta ustaarabu. Huyo ni wa kwao, sio mimi.

Kwahiyo mkiniuliza kwanini nahangaika na sanamu ya udongo ndo hiyo sababu. Ile sanamu ya wapagazi pale Jenfeld, kwa kadiri ninavyojua mimi, ndo kitu kinachokaribia kabisa kaburi la baba wa babu yangu. Kimetengenezwa na watu waliomchukua, kimetengenezwa kuwasifia wao sio yeye, lakini ndo kilichopo, na kiko nyuma ya kufuli, na ili nikifikie inabidi niwe kundi.

Najua kuna watu wataniambia hao askari walipenda wenyewe, walikuwa waaminifu, walilipwa, waliheshimiwa. Nimeisikia sana hiyo na najua ilikotoka. Mi siwezi kuwadanganya kwamba askari wote walikuwa wanyonge. Maji Maji ya 1905 mpaka 1907 ilizimwa na mikono ya hao hao askari, kwa kuchoma mashamba na kufukuza watu porini wafe njaa, na wakubwa wao Wajerumani wakiwa nyuma wanatoa amri. Babu neno askari alikuwa analitamka kwa sauti nyingine kabisa, alikuwa halitamki kama watu wa Dar wanaosema askari wa getini. Askari alikula vya watu, alichukua mabinti za watu. Sasa mkisema mnamheshimu askari nami nawauliza mnamheshimu kwa lipi, na kama ni kwa uaminifu, uaminifu kwa nani, na aliyebeba unga wa huyo askari je, yeye mnamuweka fungu gani.

Na hata huo uaminifu wenyewe mliulipaje. Kuna mtu anaitwa Mohamed Husen, mtoto wa Dar es Salaam, kazaliwa 1904, baba yake askari, na yeye mwenyewe akiwa mtoto wa miaka kumi tu akaingizwa jeshini chini ya Lettow-Vorbeck. 1929 akafika Berlin kudai mshahara wake na wa baba yake, wakamwambia kachelewa. Akabaki huko huko, akafanya kazi ya uweita, akafundisha Kiswahili chuo kikuu, akaigiza kwenye filamu, akaomba nishani ya waliopigana vita wakamnyima. Yaani mwaka 1939 wakati hapa Hamburg mnazindua askari wa udongo mwaminifu, askari wa nyama na damu yuko Berlin pale, saa chache kwa treni, anatembea mitaani. 1941 wakamkamata kwa kosa la kuwa na mwanamke wa kizungu, wakampeleka kambi ya Sachsenhausen, akafia huko tarehe 24 Novemba 1944. Berlin walimwekea jiwe dogo la shaba chini barabarani mwaka 2007. Ni dogo kweli, ukubwa wa sabuni, lakini lina jina, na halina geti.

Halafu kuna hii ya 1964 ambayo mi naipenda sana kuisimulia. Lettow-Vorbeck alifariki hapa hapa Hamburg tarehe 9 Machi 1964, umri miaka 93. Serikali ikaleta kwa ndege askari wawili wa zamani kutoka kwetu waje mazishini, na aliyetoa hotuba ni waziri wa ulinzi, Kai-Uwe von Hassel, ambaye mwenyewe kazaliwa Gare, kule Usambara juu, 1913, kwahiyo tukitaka tunaweza kumwita ndugu wa Lushoto. Bunge likakubali askari wazee waliobaki walipwe malimbikizo. Wanasimulia kwamba wazee mia tatu na kitu walikusanyika Mwanza, wengi hawana karatasi yoyote, mlipaji akakosa la kufanya, basi akawa anampa mzee ufagio, anamtolea amri za gwaride kwa Kijerumani, na wazee wakashika ufagio kama bunduki, bega, chini, heshima toa, hakuna hata mmoja aliyekosea. Wazungu wakisimulia hii huwa wanafurahi. Mi huwa najiuliza swali moja tu, mpagazi yeye angefanyishwa mtihani gani, abebeshwe sanduku atembee nalo mpaka Tabora? Maana hao hawakuitwa Mwanza.

Sasa angalieni tarehe. Yeye kafariki 9 Machi 1964. Tanganyika na Zanzibar zimeungana 26 Aprili 1964, na jina Tanzania limekuja miezi kadhaa baadaye. Huyo mtu na nchi inayoitwa Tanzania hawakukutana hata siku moja. Na bado mwaka 2003 watu wa hapa walipozichukua zile sanamu, wakazisogeza kutoka zilipokuwa, wakazizungushia fensi na kutafuta jina la hiyo sehemu, wakaona jina linalofaa ni Tansania-Park.

Hapo ndo penye barua yangu yote.

Nyie mliotoa hilo jina, hamkuniuliza mimi, sawa, mi ni nani. Ila waziri mkuu wetu wa wakati ule, Frederick Sumaye, alialikwa kwenye uzinduzi Septemba 2003, zikapigwa kelele, Waafrika wa hapa na wanaharakati wa Kijerumani wakasema hii ni kuwasafisha wakoloni kwa kutumia jina la nchi ya watu, na yeye hakuhudhuria. Mtu umempa jina mtoto wako kwa heshima ya rafiki, rafiki akakataa kuja kwenye sherehe, mtu mwenye akili angekaa akajiuliza. Miaka zaidi ya ishirini sasa.

Na sio kwamba Wajerumani hawawezi kubadilisha, wanaweza wakitaka. Kule Leer kulikuwa na kambi nyingine yenye jina hilo hilo la Lettow-Vorbeck, wakalitoa 2010, sasa inaitwa Evenburg. Berlin kulikuwa na mtaa wa Wissmann, tangu 2021 unaitwa Lucy-Lameck-Straße, mama yetu Lucy Lameck wa Moshi, mi nilienda nikapiga picha pale nikaituma nyumbani, watu hawakuamini. Mwaka 2024 pia Berlin wakapata Maji-Maji-Allee. Rais wenu Steinmeier alifika Songea tarehe 1 Novemba 2023, akakaa na ukoo wa Songea Mbano, akaomba msamaha kwa mdomo wake. Hata nyie Hamburg, sanamu ya Wissmann iliyokuwa Dar tangu 1909, mkaisimamisha mbele ya chuo kikuu mwaka 1922 baada ya Mwingereza kuing'oa, wanafunzi waliiangusha 1967, ikarudishwa, wakaiangusha tena 1968 na haikusimama tena. Hivyo uwezo upo. Na pale Dar alipokuwa amesimama Wissmann tangu 1927 yupo Askari wa Posta, mnamjua, yule mwenye bunduki anayetazama bandarini, aliwekwa na Mwingereza, na Mwingereza naye mkoloni sikatai. Lakini kile kibao chake kinawataja wapagazi, kinasema wao ndo walikuwa miguu na mikono ya jeshi, na kimeandikwa kwa Kiswahili. Mkoloni wa 1927 aliweza. Nyie mna kila kitu mnashindwa nini.

Nasema mna kila kitu maana nimeona. Hilo eneo la kambi, hekta kama 35, sasa ni mtaa mpya unaitwa Jenfelder Au, nyumba nzuri, bwawa katikati, watoto na baiskeli. Ndugu yangu mmoja amepanga pale, choo chake ni cha kuvuta kwa upepo kama cha kwenye ndege, kinatumia maji kama lita moja, na uchafu unakwenda kwenye mtambo unatoa gesi, gesi inatoa umeme na joto. Mi ilinishangaza sana na sitanii, nchi inayoweza kugeuza kinyesi cha watu kikachaji simu haiwezi kushindwa na kibao cha mita moja.

Ninachoomba ni kimoja kati ya viwili na kuchagua nawaachia nyie. Ama mtoe hilo jina, iitwe kitu kingine chochote, iitweni Lettow-Vorbeck kama mnaona fahari, ila Tanzania itoke hapo. Ama kama jina linabaki, kufuli itoke, geti liwe wazi mchana kutwa kama bustani nyingine zote za Hamburg, na kiwekwe kibao cha Kiswahili, Kiswahili cha kueleweka sio cha mashine, kinachoeleza kwamba hawa waliobeba hawakuandikwa majina, kwamba walitolewa Ugogo, Unyamwezi, Usukuma, Umakonde, Umakua, kwamba nyuma yao iliachwa njaa, na hiyo njaa ina jina. Huwezi ukachukua jina la nyumba yangu ukaliweka kwako halafu nikija kubisha hodi unaniuliza nawakilisha kundi gani.

Sisemi mvunje. Kuna wenzangu wanataka zivunjwe, nawaelewa, tumebishana mpaka usiku mara nyingi. Mi sitaki zivunjwe kwa sababu nimeshawaambia, ndo kaburi nililonalo. Nataka nifike nishike ule udongo kwa mkono, basi.

Wazee wangu wa Jiji la Dar es Salaam, na nyie msijifiche nyuma ya Wajerumani. Najua wageni kutoka nyumbani wakija hapa wanapelekwa bandarini, wanapanda boti, wanakula samaki, wanapiga picha na lile jumba la muziki la vioo, na ni haki yao mji huu ni mzuri. Ila safari ijayo mkija kwenye mambo ya undugu, ombeni siku moja tu mpelekwe Jenfeld, kwa basi, na mkifika ombeni funguo mbele yao. Nyie mtapewa, nyie ni kundi. Mkishaingia nipigieni picha ile ya wapagazi kwa karibu, miguu yao hasa, kutoka kwenye fensi haionekani vizuri.

Mzee wangu wa soksi alifariki mwezi uliopita. Kabla hajafa alimwambia binti yake, binti ndo kaniambia, kwamba kama angejua wale watu walikuwa na wajukuu angeuliza. Huyo binti kasema atakuja na mimi.

Kwahiyo tunawataarifu, Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao tutakuwa pale getini, mimi, yeye, na yeyote atakayesoma hii akaona inamhusu. Nitakuja na chai ya tangawizi kwenye thamosi na maandazi ya kutosha, hata mleta funguo atapata. Saa nne asubuhi, saa nne yetu, yaani kumi kwenu, msije mkachanganya mkaja alfajiri.

Wenu,
Mgogo wa Mvumi, kundi la mtu mmoja, sasa wawili
Hamburg